Jina Limefutwa, Binti Bado Yupo: Risala ya Wazazi wa Kituo cha Ufuaji

Mgeni rasmi, mheshimiwa mkurugenzi wa huduma za jamii. Msimamizi wa kituo. Wazazi na walezi wenzetu. Na ninyi vijana wetu mnaoendelea na kazi huku sisi tukizungumza: habari za asubuhi.

UKARIBISHO

Karibu sana. Kiti ulichokalia ndicho pekee humu chenye mikono yote miwili, kwa hiyo usione haya kuegemea.

Kabla hatujaenda mbali tunawaomba wote mliokuja msipige makofi. Chini ya bati hili makofi huwaingia baadhi ya vijana wetu masikioni kama mvua ya mawe. Hapa tunashangilia kwa kupunga mikono juu. Mgeni aliyekutangulia alielezwa jambo hilo, akaelewa, lakini watu wa msafara wake wakajisahau. Sehemu iliyobaki ya sherehe tuliitumia kumtafuta kijana mmoja, naye akapatikana ndani ya kapu la nguo chafu, amejifunika foronya.

Sauti hiyo ya kuvuma unayoisikia nyuma si mashine. Mashine tumezizima kwa heshima yako. Ni kijana ambaye sote tunamwita Mvumo. Akivuma, ametulia. Akinyamaza ndipo tunapoanza kuhangaika.

Jambo la mwisho katika ukaribisho huu ni kwamba tumechoka. Tunalisema mapema ili usije ukadhani tumekosa adabu. Tumekwisha kusoma risala mbele ya wageni kadhaa. Zote zilipokelewa kwa mikono miwili, zikakunjwa vizuri, zikatiwa kwenye mkoba, na mkoba ukapanda gari. Hii ya leo ina shukrani chache na ombi moja tu.

TULIKOTOKA

Kituo hiki kilianzia uani kwa mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Kwa kuwa mambo ya afya ya mtu si ya kutangazwa pamoja na jina lake, tutamwita kama tunavyomwita siku zote, Mama Dobi. Tutamfuata yeye katika risala hii, maana shida inayotukabili sote imepitia mlangoni kwake kwanza.

Mama Dobi ana watoto wawili. Wa kwanza ni binti, ambaye mtaa ulimpa jina la Wakili tangu akiwa mdogo kwa sababu hakuacha neno lipite bila kulihoji. Ukimwambia, "Ngoja sekunde moja," anahesabu moja na kukugeukia. Alisema mapema, akasoma mapema, na akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu alikuwa anaweza kukueleza namna treni zinavyopishana, kituo kwa kituo, hadi umwombe radhi uondoke. Wa pili ni Mvumo. Yeye hajatamka neno mpaka leo, na sasa ana ndevu.

Walipopelekwa kwa wataalamu, kila mmoja kwa wakati wake, Mvumo aliandikiwa kwamba ana usonji. Wakili aliandikiwa jina jingine, Asperger. Mama Dobi alirudi nyumbani na vyeti viwili na fikra kwamba ana watoto wenye mambo mawili yasiyohusiana. Majirani nao wakazikuza fikra hizo. "Huyu mdogo ndiye mgonjwa," walimwambia. "Huyu mkubwa ana kiburi tu. Mchape."

Hakumchapa. Lakini hata yeye, kwa miaka mingi, alimpa Mvumo subira na kumpa Wakili lawama. Mvumo akiziba masikio, alimpeleka kivulini. Wakili akiziba masikio, alimwambia, "Acha maringo, wewe mtu mzima."

Wakili alipata kazi dukani, kwenye sanduku la kupokea pesa. Hesabu zake hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba mteja akiuliza kama maziwa ni mapya, alijibiwa ukweli. Tena taa ya dari ilikuwa ikilia mlio mwembamba ambao wengine hawakuusikia. Siku moja walimkuta chumba cha mizigo, amejikunja nyuma ya magunia, amejing'ata mkono hadi damu. Mwenye duka alimwita mama yake. Alisema kwa upole, "Mama, huyu mtoto wako ana akili nyingi sana. Lakini mchukue."

Ndipo Mama Dobi alipomweka uani, ampangie nguo. Wazazi wengine tukaanza kuleta wetu. Ua ukajaa, tukaomba ghala hili lililokuwa limeachwa, tukapewa. Kwa hilo tunaishukuru ofisi yako, na hatusemi kwa kutimiza desturi.

KAZI TUNAYOFANYA

Tunafua mashuka ya zahanati na ya nyumba za wageni. Kuloweka na kuanika kila mtu hujifunza taratibu. Kukunja ndiko kunakohitaji ufundi, kwa sababu shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja likanyooka. Huku tunakunja wawili wawili, na tangu mwanzo msimamizi wetu alipanga kila jozi iwe na mmoja anayesema na mmoja asiyesema. Anayesema hutaja hatua kwa sauti ileile kila mara: "Kona. Kona. Vuta. Njoo." Asiyesema hushika mwendo. Wengi wa wasiosema wana mikono ya ajabu, na wengi wa wanaosema wanahitaji mtu ambaye hatawauliza maswali. Wanapatana. Wakili na Mvumo ni jozi mojawapo.

Ukipita baadaye utaona jozi zikiwa kazini. Usiwasalimie katikati ya shuka.

JINA LILILOFUTWA

Mgeni rasmi, sasa tunafika kwenye barua ya ofisi yako.

Barua inasema kituo hiki kiliidhinishwa kwa ajili ya watu wenye usonji, na kwamba wale wenye vyeti vya Asperger waondoke ifikapo Jumatatu ijayo, kwa kuwa Asperger haimo tena katika miongozo ya utabibu. Afisa aliyeileta alitufafanulia kwa mdomo. "Wazee wangu, hiyo hali haipo siku hizi. Imefutwa."

Wakili alikuwa amesimama karibu na kapu. Akamuuliza, "Imefutwa lini?"

"Miaka mingi sasa."

"Mbona mimi sikuambiwa? Jana bado nilikuwa nayo."

Baadhi yetu tulicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza.

Hatukuridhika, basi tukaenda kuuliza wenye elimu na kusoma wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya shule yake. Tunaomba tueleze tulichokielewa, kwa heshima, kwa sababu tunaamini ofisi yako imesoma nusu ya kwanza ya jambo ikaacha nusu ya pili.

Ni kweli kwamba jina limefutwa. Jina hilo lilitokana na daktari mmoja wa Ulaya ambaye zamani aliandika kuhusu watoto waliosema vizuri lakini wakashindwa kuingiliana na wenzao. Baadaye wataalamu wakalitumia kwa watu wa namna hiyo, waliokuwa na akili ya kawaida au zaidi na ambao maneno yao hayakuchelewa, huku usonji ukiachiwa wengine. Kisha wakaona mpaka hauko wazi. Mtu yuleyule mmoja aliandikiwa usonji na daktari huyu, na Asperger na daktari yule. Walipochunguza undani wakakuta mambo ya msingi ni yaleyale: ugumu wa kuelewa watu na kueleweka nao, kung'ang'ania utaratibu mmoja, kuzama katika jambo moja, na sauti, mwanga au mguso kuwazidi nguvu, au wakati mwingine kutowafikia kabisa. Wakaamua kuyaweka yote chini ya jina moja, wigo wa usonji, na badala ya kuuliza huyu ni wa kabati gani, waulize huyu anahitaji msaada kiasi gani na katika jambo gani. Zaidi ya hayo, historia ya daktari huyo wakati wa vita imetiliwa shaka kubwa, na wengi hawataki tena kuitwa kwa jina lake. Wapo wengine waliolizoea na wanaendelea kulitumia. Hatuwakatazi.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, watu wa Asperger hawakutolewa nje. Waliingizwa ndani. Ofisi yako imekuta mlango ulipoondolewa ikadhani chumba kimebomolewa.

Neno hili wigo limetusumbua hata sisi. Wengi hulidhania kuwa ngazi: juu wamekaa wanaosema, chini wasiosema, na anayefika juu amekaribia kupona. Sisi ni watu wa nguo, tutasema kwa lugha ya nguo. Ukitia vitambaa mbalimbali kwenye pipa moja la rangi, pamba itanywa sana, nailoni itanywa kidogo, na shati moja laweza kutoka na ukosi uliokolea na mgongo uliopauka. Rangi ni ileile moja, na rangi hiyo ndiyo usonji. Wakili amepauka kwenye maneno, amekolea kwenye kelele na kwenye mabadiliko ya ghafla. Mvumo amekolea kwenye maneno, lakini umeme ukikatika na kila mtu akapiga ukelele, yeye anaendelea kukunja.

SIKU YA TATHMINI

Tulipoeleza hayo tuliambiwa basi wenye vyeti vya zamani wafanyiwe tathmini upya. Mtathmini alikuja siku moja, akapewa meza pale kwenye pasi.

Linalofuata tusingelisoma kama Mama Dobi mwenyewe asingeshikilia lisomwe. Katika jalada la binti yake, ofisi yako imeandika "jaribio la udanganyifu". Kamati ya umoja wetu ilimshauri jambo hilo liachwe. Katibu wetu, ambaye anajali sana mpangilio wa risala, alimwambia, "Mama, risala ina taratibu zake. Haya ni ya nyumbani."

"Yameandikwa ofisini, Mzee Katibu," akajibu. "Yakiwa ofisini si ya nyumbani tena. Yasomwe. Na usiyapake mafuta."

Asubuhi ya tathmini Mama Dobi alikuwa akianika na binti yake. Usingizi ulikuwa umempitia mbali siku kadhaa. Kila aliyekutana naye alikuwa amemwambia jambo lilelile: ukimpeleka anaongea hivyo, kwisha habari yenu. Akashusha vibanio mdomoni akasema, "Mwanangu, leo kwa yule mtathmini, usiongee."

"Kwa nini?"

"Ukiongea atasema umepona."

"Sikuwa naumwa."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba. Ukae kama mdogo wako anavyokaa."

Wakili akafikiri. "Nivume pia?"

"Usivume. Nyamaza tu, mpaka amalize kuandika."

Wakaenda mezani. Mtathmini, mtu mpole kwa kweli, akasema, "Hujambo, binti?" Kimya. Akarudia. Kimya. Akamwonyesha picha ya uso unaolia, akamuuliza huyu anajisikiaje. Wakili akaitazama picha, akamtazama mama yake, akaanza kutikisa mguu. Swali la nne au la tano likamshinda.

"Mama amesema nisiongee mpaka umalize kuandika," akasema. "Umemaliza kuandika?"

Mtathmini akaweka kalamu chini akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Lakini alipoichukua tena aliandika kwamba binti anazungumza kwa ufasaha, hana haja ya kituo, na mzazi amejaribu kudanganya.

Njiani kurudi kwenye kamba za nguo Wakili alimuuliza mama yake, "Nimekosea wapi? Nilinyamaza muda mrefu."

"Hukukosea."

"Uliniambia uongo ni mbaya."

"Nilikuambia."

"Sasa nishike lipi?"

Mama Dobi akampa ncha ya shuka. Hata sasa, anapokaa nasi hapa, amesema andikeni tu kwamba niliona haya. Aliona haya kwa sababu alimwomba mtoto afanye jambo moja ambalo wengi wa namna yake huliona gumu, kujifanya, kisha wakamwandika kuwa mzima kwa kulishindwa. Kama kuna kipimo bora zaidi ya hicho cha kumtambua binti huyu, mgeni rasmi, sisi hatukijui.

CHANGAMOTO

Kwa majaribio, ofisi yako iliagiza wale wa Asperger wakae nyumbani wiki moja. Walikaa. Jozi zikavunjika. Wasiosema walishika ncha zao za mashuka wakasubiri upande wa pili, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Msimamizi alijaribu kuingia mwenyewe. Mvumo akamtoa mikono kidole kwa kidole, kwa adabu, akaenda kukaa ukutani. Alinyamaza. Wiki nzima, hadi wenzake waliporudi, hatukusikia kuvuma humu ndani. Zahanati ikaturudishia mashuka yenye makunyanzi.

Hatuelezi hayo ili Wakili abakizwe kwa ajili ya mdogo wake. Mama Dobi alikataa hoja hiyo kikaoni, na kwa ukali. "Binti yangu si kamba ya kumfungia mwenzake," alisema. "Yeye mwenyewe nyumbani hakula. Alikuwa anaamka, anavaa aproni ya kazi, anakaa mlangoni. Namwambia leo hakuna kazi, ananiambia leo ni siku ya kazi. Tumebishana hivyo hadi nikaenda kulia chooni."

Hatufichi kwamba hata kati yetu hatukuwa na kauli moja. Mzazi mmoja, fundi bomba, ambaye mwanawe hasemi, alisimama akasema, "Niwieni radhi. Wenu wanajua kusema nina kiu. Wangu hajui. Nafasi humu ni chache. Wakiondoka wanaosema, wangu atapata uangalizi zaidi. Nani atanilaumu?"

"Hakuna wa kukulaumu, shemeji," Mama Dobi akamjibu. "Wangu anajua kusema nina kiu. Hajui kusema nimezidiwa. Mpaka ajing'ate."

"Na wangu akizidiwa anagonga kichwa ukutani."

"Basi tofauti yao iko wapi? Mmoja meno, mwingine ukuta."

Fundi bomba akakaa. Tulipopiga kura kuhusu ombi la leo alinyoosha mkono upande wetu, akasema, "Sijashawishika yote. Lakini andikeni." Tunaandika hivyo, kwamba hajashawishika yote. Anachokiogopa ni cha kweli: uhaba wa nafasi ndio unaotufanya tupime watoto wetu nani ameumia zaidi, na hakuna mzazi anayetoka kwenye mizani hiyo akiwa na heshima yake.

Kuna changamoto nyingine pia, za paa, maji na sabuni. Ziko katika risala zilizopita, na zipo kwenye mikoba ya wenzako. Leo tunaziacha.

OMBI

Tunaomba jambo moja. Ofisi yako itamke kwamba cheti cha Asperger kisomwe kama cheti cha usonji, kama yanavyosomwa majina hayo kwingineko leo, na vijana wetu wenye vyeti hivyo wabaki kituoni. Hatuombi wahesabiwe kuwa sawa na wenzao wasiosema. Tunaomba kila mmoja aulizwe anahitaji nini, na asikilizwe anapojibu, kwa kinywa au kwa namna nyingine.

Kuhusu lile neno la udanganyifu, Mama Dobi haombi lifutwe. Ameomba tu pembeni yake paandikwe kilichotokea.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tukimaliza kusoma, Wakili atakuja mbele yako. Hatukumpanga, na tulipojaribu kumzuia alituuliza kwa nini, tukakosa sababu. Swali lake ni hili: "Jumatatu nije au nisije?" Amemuuliza msimamizi, amemuuliza katibu, amemuuliza fundi bomba, na kila asubuhi amemuuliza mama yake. Wote tumemwambia kwamba anayejua ni wewe.

Tunakuomba usimwambie "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Sisi tumelizoea jibu hilo, tunajua namna ya kulibeba hadi nyumbani. Yeye atakuuliza kazi gani, itafanywa na nani, na kwa muda gani. Usipojibu atasimama palepale kukusubiri, hata gari lako likiwashwa. Kama jibu ni hapana, mwambie hapana. Mama yake ameshasogea karibu kwa ajili hiyo. Kama ni ndiyo, mwambie njoo.

Mwenyezi Mungu akupe wepesi wa kauli, akufikishe salama uendako, na akulindie wa kwako nyumbani, wanaosema na wasiosema.

Sasa tunanyamaza, ili umsikie.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi na Walezi wa Kituo cha Ufuaji